Kulala ndani au nje ya Walt Disney World: hesabu ya familia ya watu sita

Mama yangu alifika Atlanta kutoka Tanga mwezi wa Januari 2025, na kabla hata hajazoea baridi, wajukuu wake walikuwa wamekwisha kumwomba aende nao Walt Disney World huko Florida, eneo lenye bustani nne za michezo na hoteli zake. Tulipanga kwenda kwa gari, tufike Jumatatu tarehe 10 Februari jioni, tuingie bustanini siku nne mfululizo na kuondoka Jumamosi asubuhi, majuma mawili kabla ya Ramadhani. Tulikuwa sita: mama, mke wangu, mimi, na watoto watatu wa miaka 11, 7 na 2. Swali lililobaki mezani lilikuwa moja, nalo ndilo ninaloulizwa na kila jamaa anayejiandaa kwa safari hiyo: je, ni nafuu kulala katika hoteli za Disney zenyewe, zilizo ndani ya eneo lao, au kulala nje na kuingia kila siku kama mgeni wa mchana?

Nimeamua kuiandika hesabu yetu kwa ukamilifu kwa sababu majibu mengi niliyopewa yalilinganisha bei ya chumba kimoja cha ndani na bei ya chumba kimoja cha nje, kisha yakaishia hapo. Bei ya chumba kwa usiku mmoja ndiyo namba inayopotosha zaidi katika jambo hili. Kinachoamua ni idadi ya watu wanaoruhusiwa kulala katika chumba, na kama familia inakuja na gari lake au la.

Kwanza ieleweke kwa nini kulala ndani kupo. Disneyland ya California, bustani ya kwanza ya kampuni ya Disney, ilipofunguliwa mwaka 1955, ardhi iliyoizunguka haikuwa ya kampuni, na baada ya muda mfupi hoteli za watu wengine zikasongamana hadi ukutani, zikichuma fedha za wageni waliovutwa na bustani hiyo. Walt Disney, mwanzilishi wake, hakutaka jambo hilo lijirudie, na katikati ya miaka ya 1960 kampuni yake ilinunua kimyakimya ardhi kubwa katikati ya Florida, zaidi ya kilomita za mraba 100, ambayo bado ni kubwa kuliko wageni wengi wanavyodhani. Magic Kingdom, bustani ya kwanza kati ya zile nne, ilipofungua milango tarehe 1 Oktoba 1971, hoteli mbili za Contemporary na Polynesian zilifunguliwa pamoja nayo. Kwa hiyo mgeni anayelala ndani hanunui kitanda tu. Ananunua ukaribu ambao kampuni iliupanga tangu mwanzo, na ana haki ya kuuliza ukaribu huo una thamani gani kwake.

Tiketi za kuingilia nimeziacha nje ya hesabu, kwa sababu bei yake hufuata tarehe na umri, haifuati mahali unapolala. Mtoto wetu wa miaka miwili aliingia bure, kwani aliye chini ya miaka mitatu halipiwi. Wa miaka saba alilipiwa kama mtoto. Na yule wa miaka kumi na mmoja alilipiwa kama mtu mzima, maana kwao utu uzima wa tiketi huanzia miaka kumi. Gharama hiyo ingekuwa ileile hata kama tungelala garini.

Sasa vyumba. Hoteli za bei ya chini kabisa za Disney ni zile za kundi la All-Star, Pop Century na vyumba vya kawaida vya Art of Animation. Chumba cha kawaida cha All-Star kinaruhusu watu wanne, na juu yao mtoto mchanga mmoja wa chini ya miaka mitatu anayelala katika kitanda chake kidogo. Hapo ndipo familia yetu ilipokwama: ukimtoa mdogo, tulibaki watano. Mtu mmoja aliyezidi, naye ni bibi wa watoto, aliigeuza hesabu yote, kwa kuwa tulilazimika kuchukua ama vyumba viwili, ama nyumba ndogo ya familia inayolaza sita katika All-Star Music, yenye mabafu mawili na jiko dogo lenye maikrowevu lakini lisilo na meko ya kupikia.

Kwa tarehe zetu, nyumba hiyo ilikuwa dola 398 kwa usiku kabla ya kodi, yaani dola 1,990 kwa usiku tano, na pamoja na kodi ya 13.5% ilifika dola 2,259. Kodi hiyo ni ya wilaya ya Osceola, ambamo hoteli za All-Star zimo; hoteli nyingine za Disney zilizo upande wa wilaya ya Orange hutozwa 12.5%. Vyumba viwili vya kawaida, kila kimoja dola 178, vilikuwa dola 1,780, na kodi ikavifikisha dola 2,020. Ilikuwa nafuu zaidi kuchukua vyumba viwili kuliko ile nyumba iliyotengenezwa kwa ajili ya familia, jambo ambalo nisingelijua kama nisingepiga hesabu zote mbili kwa kalamu. Basi dola 2,020 ndiyo niliyoichukua kuwa gharama ya kulala ndani. Hoteli za Disney zenyewe hazitozi ada ya ziada ya hoteli, na tangu Januari 2023 hazitozi tena maegesho ya usiku, kwa hiyo namba hiyo ilikuwa ya mwisho kweli.

Nje tulipata nyumba ya vyumba viwili vya kulala huko Kissimmee, mji wa jirani, karibu na barabara kuu namba 192, yenye sebule iliyo na kochi la kufunguka kuwa kitanda, jiko kamili na mashine ya kufulia. Tangazo lilisema dola 149 kwa usiku, na kwa haraka mtu angeandika dola 745 na kufunga daftari. Nilipofika ukurasa wa malipo nikakuta ada ya usafi dola 145, ada ya huduma ya tovuti iliyotuunganisha na mwenye nyumba dola 118, na kodi dola 120 juu ya pango na usafi. Jumla ilikuwa dola 1,128, yaani ile dola 149 imekuwa takriban dola 226 kwa usiku. Tangu tarehe 12 Mei 2025 sheria ya shirikisho la Marekani inawalazimu wenye malazi ya muda mfupi kuonyesha bei iliyojumlishwa ada zote za lazima tangu mwanzo, nami nimefurahi kuona hivyo, lakini kodi bado inaweza kuongezwa mwishoni, kwa hiyo msomaji asilinganishe chochote mpaka afike mahali pa kuweka namba ya kadi.

Juu ya hiyo dola 1,128 tuliongeza maegesho ya bustani, dola 30 kwa siku, yaani dola 120 kwa siku nne. Anayelala ndani haegeshi kwa malipo. Petroli ya kwenda na kurudi, takriban kilomita 36 kwa siku, ilikuwa dola 12 kwa siku zote nne. Malazi ya nje yakafika dola 1,260.

Chakula nacho kina uzito wake, na hapa watu wengi huikuza tofauti kupita kiasi, kwa kudhani kwamba anayelala ndani lazima ale mgahawani asubuhi, mchana na jioni. Si kweli. Vyumba vya All-Star vina friji ndogo, na Disney inaruhusu wageni kuingia bustanini na chakula chao, ilimradi si pombe wala vyombo vya glasi. Tena vibanda vya chakula hutoa maji ya barafu bure ukiomba. Mkate, mayai ya kuchemsha na matunda vingetoka kwenye sanduku letu la barafu popote ambapo tungelala. Tofauti ya kweli ni chakula cha jioni. Kwa kulala ndani nilikadiria dola 95 za vyakula vya dukani, milo minne ya jioni ya kununua kwa dola 88 kila mlo, na mlo mmoja wa pamoja wa dola 118 ambao tungeula kwa vyovyote vile: jumla dola 565. Kwa kulala nje tulitumia dola 172 dukani na ile dola 118, yaani dola 290.

Hizo dola 172 zinahitaji kuonekana. Tulibeba kuku wa halali kutoka Atlanta, tukanunua mchele na tui la kopo, na usiku wa pili tuliporudi, watoto wakiwa wamelala na viatu miguuni, mama aliweka sufuria jikoni bila kuuliza mtu, na harufu ya wali wa nazi ikawaamsha mmoja baada ya mwingine. Wakakaa mezani na kula bila kusema neno mpaka sinia likabaki na ukoko. Kwa familia inayochunga halali, jiko ni zaidi ya kubana matumizi. Linaondoa ile kazi ya kuuliza kila dirisha la chakula nyama imetoka wapi.

Ukijumlisha, kulala ndani kungetugharimu dola 2,585 na kulala nje kulitugharimu dola 1,550. Pengo ni dola 1,035. Disney hutoa punguzo la vyumba mara kwa mara, na mtu anaweza kusema tungesubiri. Nilipima hilo pia: punguzo la 30% lingepunguza dola 606 na kuacha pengo la dola 429. Ili vyumba viwili vilingane na ile nyumba ya Kissimmee, bei yake ingelazimika kushuka kwa zaidi kidogo ya nusu.

Lakini hesabu isiyo na saa ndani yake haijakamilika, na hapa ndipo nataka kuwatendea haki wanaotetea kulala ndani, kwa sababu wana hoja. Anayelala ndani huruhusiwa kuingia bustani yoyote kati ya nne dakika 30 kabla ya wengine, kila siku. Anaweza pia kununua zile nafasi za kulipia za kupunguza foleni siku saba kabla ya kufika, ilhali sisi wa nje tulisubiri mpaka siku tatu kabla, na kwa michezo inayogombaniwa, kama Slinky Dog Dash katika Hollywood Studios, siku nne hizo zina maana. Mwanangu wa miaka saba aliutaka mchezo huo kuliko yote. Nafasi tulizozikuta zilikuwa za usiku, wakati mdogo wake hawezi tena kukaa macho, kwa hiyo tulipanga foleni ya kawaida kwa dakika 70, bibi akisubiri kwenye benchi kivulini na kigari cha mtoto pembeni yake.

Na kuna Magic Kingdom, ambayo ni habari ya peke yake. Katika bustani nyingine tatu unaegesha karibu na geti, na gari letu kutoka Kissimmee halikuwa nyuma sana ya basi la hoteli. Magic Kingdom haiko hivyo. Mwenye gari huegesha ng'ambo ya ziwa, kisha huvuka kwa kivuko au kwa ile treni ya reli moja, ndipo afike getini, ilhali basi la hoteli za ndani humshusha mgeni karibu na geti lenyewe. Nilitazama saa: kutoka mlango wa nyumba yetu mpaka getini tulitumia dakika 65. Kwa kukadiria kusubiri basi na safari yake, wa All-Star angetumia kama dakika 35. Kwenda na kurudi, tulipoteza saa nzima siku hiyo, na usiku ule wa kurudi, katika umati uliokuwa ukingoja kivuko baada ya fataki, mama alisimama akiwa ameshika reli kwa mikono miwili kwa sababu magoti yalikwisha kuchoka. Hakulalamika hata kidogo, nami nilimwona, na sijasahau.

Basi tuzihesabu saa. Kuingia mapema kwa siku nne ni saa mbili. Magic Kingdom ni saa moja. Bustani nyingine tatu kwa pamoja ni kama nusu saa. Jumla saa tatu na nusu. Ukigawa dola 1,035 kwa saa hizo, kila saa ingetugharimu karibu dola 296. Ni haki kusema kwamba nusu saa ya asubuhi mapema ina thamani kuliko nusu saa ya mchana, kwa kuwa foleni za wakati huo ni fupi, na mtu aliyejipanga anaweza kumaliza michezo miwili ambayo baadaye ingemla saa nzima au zaidi. Tuihesabu mara tatu, basi. Saa zinakuwa saba na nusu, na kila moja inagharimu dola 138. Kwa mfuko wetu, bado ilikuwa ghali mno.

Jambo ambalo sikuliweka katika hesabu ni mapumziko ya adhuhuri. Familia yenye mtoto wa miaka miwili na mzee wa miaka sabini inahitaji kulala mchana, na kutoka Kissimmee mapumziko hayo, siku ya Magic Kingdom, yangekula zaidi ya saa mbili za njiani peke yake. Hatukurudi hata siku moja. Mdogo alilala kwenye kigari chake, na mama alipumzika alipoweza.

Watu wengine hudhani dawa ni hoteli ya nje yenye basi la bure. Tulijaribu hivyo mwaka 2022 katika hoteli ambayo sitaitaja jina. Basi lilikuwepo kweli, lakini liliondoka mara moja asubuhi, saa tatu, likizunguka hoteli nyingine kuokota wageni, na tulifika bustanini foleni zikiwa zimekwisha kujaa. Jioni lilirudi kwa saa maalumu, nasi tukachelewa kwa dakika chache tukiwa na mtoto anayelia, tukarudi kwa teksi tuliyoilipia wenyewe. Kabla ya kuihesabu huduma hiyo kuwa akiba, ni lazima kuuliza linaondoka saa ngapi, linapita wapi, na linarudi mara ngapi.

Inafaa nitaje ule mlo wa dola 118, kwa sababu unagusa swali lenyewe. Disney wana hoteli iitwayo Animal Kingdom Lodge, iliyofunguliwa mwaka 2001, ambayo majina yake mengi ni Kiswahili: Jambo House, Kidani Village, migahawa ya Boma, Jiko na Sanaa, na mbuga ndogo ya Uzima ambamo wanyama huonekana kutoka vyumbani. Vyumba vyake ni vya daraja la juu na kwa bei yake hatukufikiria kulala pale. Ila si lazima ulale ili uingie. Ukishika nafasi ya kula, unakaribishwa. Tulikula mchana Sanaa, ambapo madirisha yanatazama nyasi, na mama alisoma kila jina kwa sauti tangu tulipoingia, polepole, kama mtu anayehesabu ndugu zake ugenini. Twiga alipopita karibu na kioo, mdogo alimwita bibi kwa nguvu hata mhudumu akaja kutazama naye. Sehemu hiyo ya kulala ndani tuliipata kwa bei ya chakula.

Hesabu yetu isichukuliwe kuwa ya kila mtu, na ushahidi ninao. Shemeji yangu anayeishi Toronto aliniomba nimpigie hesabu kama hiyo: yeye, mkewe na mtoto wa miaka minne, wakija kwa ndege. Watatu hao wanaenea katika chumba kimoja cha All-Star. Kwa bei ileile ya dola 178, usiku tano pamoja na kodi ni dola 1,010. Mabasi ya bure yaliyokuwa yakiwachukua wageni wa Disney uwanja wa ndege yalikoma mwanzoni mwa mwaka 2022, kwa hiyo niliongeza dola 90 za usafiri wa kwenda na kurudi, ikawa dola 1,100. Nje, chumba cha dola 84 kilikuwa na ada ya hoteli ya dola 25 kila usiku, na pamoja na kodi kilifika dola 619. Halafu gari la kukodi dola 310, maegesho ya bustani dola 120, petroli dola 20: jumla dola 1,069. Tofauti ni dola 31 kwa siku tano, bila kuhesabu kuingia mapema wala basi linalokushusha getini. Nilimwambia alale ndani, na asisite.

Sisi, tukijaliwa kwenda tena na mama, hatutachagua upande mmoja. Haki za kuingia mapema na kuegesha bure huanza siku ya kuingia hotelini na huendelea hadi siku ya kutoka, kwa hiyo usiku mmoja wa ndani huleta siku mbili za haki hizo. Tutafika Jumapili, tupumzike Jumatatu, tulale Kissimmee usiku nne, na Alhamisi tuhamie All-Star vyumba viwili, ambavyo kwa bei za safari ile ni dola 404 pamoja na kodi. Ukitoa, kwa bei hizohizo, dola 169 za usiku mmoja wa nje na dola 60 za maegesho ya siku mbili, nyongeza halisi ni dola 175. Alhamisi vyumba hufunguliwa saa tisa alasiri, na mama atapata kujinyoosha kitandani wakati watoto wanarudi bustanini na baba yao. Ijumaa asubuhi tutapanda basi kwenda Magic Kingdom, tushuke getini, na mama hatahitaji kungoja kivuko. Saa tisa tutatoka, tupakie gari, na kushika njia ya Atlanta, mwendo wa saa saba hivi. Nafasi ya chumba peke yake, bila tiketi, huweza kufutwa na kurudishiwa fedha hadi siku tano kabla ya kufika, kwa hiyo nitaishika mapema, tarehe ya safari ya mama ikishajulikana.